Wakenya walitutumia Morocco, sisi tukawatumia Madagascar

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Najua CHAN, yale mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ilishaisha na watu wamerudi kwenye Simba na Yanga yao, lakini mimi hili jambo limenikaa kooni tangu ile Ijumaa ya tarehe 22 Agosti 2025, na kijiweni kila nikilianzisha naambiwa achana nayo hayo yameshapita.

Siku ile niliwahi uwanja wa Mkapa hapa Dar, saa kumi na moja jioni nshakaa kitini. Taifa Stars yetu wanacheza robo fainali na Morocco saa mbili usiku, Kenya nao wanaanza na Madagascar kule Kasarani, Nairobi, saa kumi na moja hiyo hiyo, kwahiyo jukwaani una masaa matatu na simu yako tu. Yangu ndio ilikuwa na bando la maana basi watu kama kumi wakanizunguka, wengine wamesimama viti vya nyuma wananipumulia shingoni. Sasa intaneti inachelewa, na pembeni yetu kuna mzee ana kiredio kakibana sikioni, yani kila kitu anakijua kabla yetu. Omija kaipa Kenya goli, mzee kaguna. Madagascar wamesawazisha kwa penalti, mzee kapiga kofi. Zikaisha dakika 120 ni 1-1, tukaenda kwenye matuta ya penalti, na huko ndio raha ikanoga maana mzee akiruka sisi tunajua Mkenya kakosa wakati kwenye simu yetu bado anaweka mpira chini. Kenya wakatolewa kwa matuta 4-3. Upande wetu ikapigwa shangwe ambayo Stars wenyewe hawakuja kuipata usiku ule. Na mimi nilikuwemo, nisijifanye mtakatifu, nilimtumia shemeji yangu aliyeko Mombasa ujumbe wa sauti mzima ni kicheko tu hakuna neno hata moja.

Akanijibu "Subiri."

Kilichofuata mnakijua. Dakika ya 65 Lamlioui wa Morocco katupia, uwanja wa watu 60,000 ukawa kama msibani, na hadi filimbi ya mwisho hatukurudisha. Kocha wetu wakati ule, Hemed Suleiman, jina lake la utani ni Morocco, basi shemeji hakutuma kicheko, alituma sentensi moja, "Morocco katolewa na Morocco." Nikazima simu.

Nilivyokuwa natembea kutafuta daladala ndio nikaanza kupiga hesabu, na hesabu yenyewe ndio sababu ya hii barua. Tarehe 9 Agosti sisi tuliwapiga Madagascar 2-1, magoli yote mawili Mzize. Kesho yake Kenya wakawapiga Morocco 1-0, goli la Ogam, tena wakiwa pungufu, mtu wao kala kadi nyekundu kipindi cha kwanza. Sisi tukaongoza kundi letu kwa pointi 10, wao wakaongoza la kwao kwa pointi 10. Sasa kwa kuwa Kenya waliwapiga Morocco, Morocco wakawa wa pili wakapangiwa kuja Dar. Na Madagascar kumaliza nafasi ya pili kundi letu ndio ikawa tiketi yao ya kwenda Nairobi. Yani kila mmoja alimpiga mtu akamtupia jirani uani, na mtu huyo huyo ndio akamtoa jirani. Halafu hao wawili ndio wakakutana fainali Kasarani tarehe 30, Morocco wakachukua kombe 3-2 mbele ya wenyeji ambao hawana timu.

Sisemi kwamba makocha wangekaa kikao wapeane dawa ya wapinzani, japo sidhani kama ingekuwa dhambi. Mimi naongelea sisi wa majukwaani. Wiki nne nzima tulikuwa na mashindano ndani ya nyumba zetu, Dar, Zanzibar, Nairobi, Kampala, na kazi kubwa tuliyoifanya mitandaoni ni kuombeana mabaya. Kenya walivyovamia mageti bila tiketi na CAF, shirikisho la mpira Afrika, ikawapunguzia watu hadi asilimia 60 ya Kasarani, huku kwetu ilikuwa sherehe, watu wanaandika "Wakenya hawana ustaarabu wa mpira", watu hao hao nawajua mimi, siku ya derby ya Simba na Yanga wanapita getini wawili kwa tiketi moja. Na Wakenya nao wasijitie unyonge, Stars ilivyotoka walitengeneza vichekesho hadi vikaisha.

Utani wa jirani siukatai. Bila utani mpira utakuwa kama kwenda benki. Na ndani ya uwanja nimeona raha ambayo kwenye ligi huipati. Mechi ya ufunguzi na Burkina Faso, tarehe 2, Tshabalala alifunga la pili, na huyu ndio kwanza katoka Simba kwenda Yanga. Jamaa kushoto kwangu ni Simba wa kulia na machozi, toka tumekaa alikuwa anamsema Tshabalala msaliti, mpira ulivyoingia aliruka akanikumbatia akamwaga karanga zangu zote, aliporudi kukaa akasema "bado ni msaliti lakini." Mechi ya pili na Mauritania tukasota mpaka dakika za mwisho Kapombe ndio akatuokoa, pale ilikuwa zamu ya Yanga kumshangilia mtu wa Simba. Kama Yanga anaweza kumshangilia Kapombe, kumshangilia Mkenya kunashindikana wapi?

Lakini kilichoniudhi zaidi ni Jumanne ya tarehe 26. Nusu fainali ya mashindano ya Afrika, iko kwa Mkapa, Sudan na Madagascar. Nilienda. Upande niliokaa unachagua kiti, unaweka mguu kwenye kingine na jaketi kwenye cha tatu. Nikawapigia wenzangu wa kijiweni wananiuliza "kwani Stars si ilishatoka?" Jamani, Sudan wale! Nchi iko vitani tangu 2023, Al Hilal na Al Merrikh ilibidi wakacheze ligi ya Mauritania ugenini huko, na bado wakaja hapa wakampiga Nigeria 4-0 Zanzibar, wakamtoa Algeria kwa matuta. Nilikaa karibu na vijana wa Kisudani kama wanane hivi wana bendera moja wanaigawana, huyu anashika huku yule kule. Wakafungwa kwenye dakika za nyongeza. Mmoja alikunja ile bendera taratibu kama mtu anakunja kanga, nikamwambia pole, akasema asante kwa Kiswahili safi kabisa. Uwanja tulioujaza kwa Morocco ulishindwa kuwajazia watu wale japo nusu, na tunajiita wenyeji.

Sasa 2027 inakuja AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, hapa hapa kwetu, nchi tatu zile zile, Tanzania, Kenya na Uganda, tumeipa na jina Pamoja. Wakubwa wanahangaika na viwanja, Arusha wanajenga, Nairobi wanajenga Talanta, sawa. Ila hamna mtu nimesikia anaongelea shabiki anayetaka kuwaona Stars Dar halafu akapande basi kwenda kuangalia mechi Nairobi au Kampala. Tiketi moja ya mechi za nchi zote tatu inashindikana? Mabasi ya mashabiki siku za mechi, na pale mpakani Namanga dirisha la wenye tiketi tusipange foleni na malori? Na hizi mechi za saa mbili usiku mtufikirie tunaokaa mbali, ile ya Morocco nilifika nyumbani Mbagala saa saba kasoro, daladala zimekata, bodaboda wanataja bei wanayojisikia.

Na wewe mhariri nina ombi lako peke yako. Siku ile Stars na Kenya wametoka usiku mmoja, vyombo vyetu vingi nilivyopitia viliwaweka Kenya kwenye kakona kadogo kama wageni wa mbali. Ile hesabu ya makundi niliyoiandika hapo juu nimeipiga mwenyewe kwa miguu barabara ya Kilwa, sikuisoma popote. Mtu wa kuiandika ni nyie.

Shemeji yangu tulikaa siku nane hatuongei. Siku ya fainali ndio akanipigia, alipata tiketi akapanda treni toka Mombasa, yuko Kasarani ananipigia kelele hata simsikii, wenyeji wengi pale aliniambia wanawashangilia Madagascar. Lile goli la mwisho la Lamlioui, la kutoka mbali kule, niliona kwenye tv yangu halafu nikamsikia kwenye simu anatukana. Akasema 2027 niende, godoro lipo. Nikamwambia akija Dar yeye kwanza ndio tutaelewana.

Shabiki wa Stars,
Mbagala, Dar es Salaam