Asante dada wa kwenye benchi
Dada uliyekaa na sisi benchi la kliniki Jumanne ile, wa kitenge cha njano, sikukuuliza jina jamani ila asante sana. Watu walishaanza kunong'ona eti bibi yangu karogwa kwa vile anasahau hata majina yetu, we ukaanza tu kutusimulia habari ya Henry Molaison wa Marekani, 1953 alifanyiwa opresheni ya kifafa wakamtoa sehemu ya ubongo inayoweka kumbukumbu mpya, toka hapo mtu aliyemwona leo kesho hamjui, lakini mikono yake ikajifunza kuchora kwa kuangalia kioo na kila siku inazidi kuwa hodari wakati yeye hakumbuki kabisa kama alishawahi kuchora hivyo. Benchi zima kimyaaa. Nimefika home nikampa bibi ukindu, majina yetu yanampotea ila vidole vinasuka ukili vyenyewe. Mungu akuweke dada.