Maktaba ya walimu ianzie kwenye daftari, si kwenye kabati

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na walimu wenzangu wa shule za msingi kuhusu maktaba za kuazimana vitabu, hasa sasa ambapo MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, inatukutanisha mara kwa mara katika jumuiya za ujifunzaji.

Wengi huanza na kabati. Vitabu hukusanywa, hufungiwa ofisini, na ufunguo hubaki kwa mtu mmoja. Akienda semina, maktaba imefungwa. Akihamishwa, hakuna ajuaye kilichomo wala ni cha nani.

Anzeni na daftari. Kaunta buku moja, lile daftari gumu la kwaya mbili (quire 2), inatosha kabisa kwa kata nzima. Kila mwalimu aandikishe vitabu vitano ambavyo yuko radhi kuviazimisha, kisha aendelee kukaa navyo mwenyewe. Walimu 25 tayari wana vitabu 125, bila kununua hata kimoja. Safu ziwe: namba, jina la kitabu, mwandishi, mwaka, mwenye kitabu, shule, na hali ya kitabu siku ya kuandikishwa. Hiyo ya mwisho ndiyo huachwa, nayo ndiyo hugombanisha watu, maana ukurasa uliochanika miaka mingi iliyopita hubebeshwa aliyeazima juzi. Kurasa za daftari zipigwe picha na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp ili kila mtu ajue kilichopo.

Mkopo wenyewe uandikwe kwenye kadi, usiachwe kwenye simu tu, kwani ujumbe huzama. Kateni karatasi ya manila vipande vya ukubwa wa kiganja, kila kitabu kadi moja, ikae ndani ya jalada la nyuma. Anayeazima anaandika jina, shule na tarehe, kisha kadi inabaki kwa mwenye kitabu hadi kitabu kirudi.

Siku ya kurudisha iwe siku ya kikao kijacho. Mkiweka siku 14 kavu, mwalimu wa shule ya pembezoni atalazimika kulipa bodaboda kwa ajili ya kitabu kimoja, na hatakuja.

Faini nazipinga kabisa. Anayedaiwa hukwepa kikao, na kitabu hupotea pamoja naye. Inatosha kwamba hapewi kingine mpaka arudishe. Aliyepoteza alete kitabu kilekile au kinacholingana nacho, si fedha, kwa sababu bei ya kitabu kisichochapwa tena hamtaafikiana. Daftari lishikwe na wawili wa shule tofauti, na anayepata uhamisho apitie kwao kabla hajafungasha.

Vitabu vya kiada msiviingize humo hata kidogo. Ni mali ya shule, vimo kwenye leja, na wathibiti ubora wakija lazima vionekane.

Kabati lije baadaye, watu wakianza kutoa vitabu vyao viwe mali ya maktaba. Likae juu ya matofali, mbali kidogo na ukuta, mchwa wasipande bila kuonekana. Vitabu visifungwe ndani ya mifuko ya nailoni, jasho lake huleta ukungu. Na kurasa zilizochanika zisibandikwe seloteipu: baada ya muda hugeuka njano, huacha gundi, na kurasa hugandana. Ukanda mwembamba wa karatasi laini na gundi nyeupe kidogo hushika vizuri zaidi.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Morogoro