Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Kwenye mkutano mkuu uliopita mliniachia swali, na kabla sijagusa habari ya fedha sina budi kulirudia, maana mwaka mzima tumelizunguka. Mjumbe mmoja, mtu wa dansi tangu enzi, alisimama pale karibu na dirisha akauliza: chama hiki kilianzishwa na wapenzi wa santuri za nyumbani, sasa hizi sahani za Wabrazili mmezitoa wapi? Muziki wenyewe una miaka hamsini, wapigaji wanaondoka mmoja mmoja, na lugha yao hatuielewi. Kuna waliocheka. Mimi sikucheka, kwa sababu sikuwa na jibu. Leo nadhani ninalo.

Shughuli kwanza, kwa ufupi. Tulikutana kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, isipokuwa Aprili, masika ilipotufungia njia. Vikao vya dansi na taarabu vilihudhuriwa kama kawaida yake: watu wale wale, viti vile vile. Vikao vinne tulivyovitenga kwa jazi-fanki ya Brazili, yaani jazi na fanki ya Kimarekani iliyochanganywa na samba, ndivyo vilivyojaza watu hadi barazani, na wengi wao ni vijana ambao wazazi wao walikuwa hata hawajaonana sahani hizo zilipotoka. Katibu anayo majina yao. Wanane wameshalipa ada.

Nimewauliza kilichowaleta. Hakuna aliyeanza kwa kunitajia Brazili. Wengi walianzia kwenye rapu: walisikia kipande ndani ya wimbo wa MF DOOM au Ludacris, warapu wa Marekani, wakakifuata kinakotoka, wakamkuta Mbrazili Arthur Verocai. Kisa chake kilitumaliza jioni nzima mwezi Mei. Mwaka 1972 alitoa sahani yenye jina lake mwenyewe, ikadoda. Akaenda kutunga muziki wa matangazo ya biashara ili mkono uende kinywani. Miaka 30 na ushei baadaye wakusanyaji wa Marekani wakaifufua, na mwaka 2009 akasimama na okestra jijini Los Angeles kuipiga mbele ya watu wanaoijua kuliko majirani zake wa zamani. Nakala ya mwanzo leo inauzwa kwa maelfu ya dola. Yetu ni toleo la marudio, msinitazame hivyo.

Lakini rapu ni mlango tu. Haielezi kwa nini mtu akishaingia hatoki. Hapo namshukuru mpiga tumba wetu, aliyetuketisha mwezi Juni akatufundisha kwa kupiga meza. Samba huhesabiwa mapigo mawili, na ngoma kubwa kuliko zote, surdo, huangusha uzito wake kwenye la pili: moja nyepesi, mbili nzito. Fanki ya Mmarekani James Brown ni kinyume chake. Uzito wote uko kwenye moja. Kila mpigaji atangetange atakavyo, mradi moja ikifika wote wawe nyumbani. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Wabrazili wa miaka ya sabini waliwafungia humo humo, na hakuna aliyemtoa mwenzake. Besi inakuvuta kwenye moja, surdo linakungoja kwenye mbili, katikati yake tamborimu, kigoma kidogo, inachokoa chokoa, na mwili haupati pa kutua. Sahani inaisha, mguu bado unatikisika. Mimi si mwanamuziki, ila nimewatazama watu barazani: wazee wanaicheza moja, vijana wanaicheza mbili, na hakuna anayekosea.

Sahani iliyopigwa kuliko zote mwaka huu ni Maria Fumaça ya Banda Black Rio, ya mwaka 1977. Nitakaa hapa kidogo kwa sababu inamjibu mjumbe wetu vizuri kuliko mimi. Katikati ya miaka ya sabini, vijana weusi wa vitongoji vya kaskazini mwa Rio de Janeiro walikuwa wakifurika kwa maelfu kwenye kumbi za klabu kila wikiendi kucheza soul, muziki wa Wamarekani weusi, afro zimetimka, viatu vya soli nene. Nchi ilikuwa mikononi mwa wanajeshi tangu 1964. Polisi wa siasa walitia masikio kwenye madansi hayo wakihofia weusi wanapanga jambo. Na wapenzi wa samba nao, baadhi yao watu wenye heshima zao, wakalalamika: kwa nini mnawaiga Wamarekani, cha kwenu mmekitupa wapi? Lalamiko hilo, ndugu mjumbe, ni pacha wa lako.

Mpiga saksofoni Oberdan Magalhães alijibu kwa kupuliza. Akakusanya bendi, akachukua "Na Baixa do Sapateiro" ya Ary Barroso na "Baião" ya Luiz Gonzaga, nyimbo ambazo kwa Mbrazili ni zilipendwa za babu, akazivika besi na tarumbeta za fanki huku ngoma za samba zikiendelea na kazi yao chini. Wimbo uliobeba jina la sahani ukafungua tamthilia ya televisheni iitwayo Locomotivas. Mdundo wa vijana waliokuwa wakipelelezwa ukaingia sebuleni kwa kila mtu, na mama mwenye nyumba akautikisia kichwa. Kuna kipande kingine humo kinachoitwa "Leblon via Vaz Lobo". Leblon ni ufukweni kwa wenye nazo. Vaz Lobo ni uswahilini, mbali na bahari. Ni kama ubao wa daladala ulioandikwa Masaki kupitia Manzese. Mtu wa Dar hahitaji zaidi ya hapo, na wimbo hauna hata neno moja la kutafsiri. Oberdan alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1984.

Mwaka huu pia imetimia miaka 50 tangu sahani ya kwanza ya bendi ya Azymuth, ya 1975. José Roberto Bertrami kwenye vinanda, Alex Malheiros kwenye besi, Ivan Conti kwenye dramu. Huyu wa mwisho walimwita Mamão, yaani Papai. Walikuwa watu wa kazi za studio, wakiwapigia waimbaji wengine, na jina la bendi walilitoa kwenye wimbo wa mwimbaji Marcos Valle. Muziki wao wenyewe waliuita samba doido, samba kichaa. Mwaka 1980 "Jazz Carnival" yao ilipanda hadi nafasi ya 19 kwenye chati ya Uingereza, na Waingereza hawajawaachia tangu hapo. Far Out Recordings, kampuni ya sahani ya London, imewalea kuanzia miaka ya tisini. Bertrami alituacha 2012, Mamão 2023. Malheiros bado yupo, na mwaka huu bendi imetoa Marca Passo, ambayo imo kabatini kwetu.

Misiba ya wanamuziki wa Brazili haikuishia hapo. João Donato, 2023. Sérgio Mendes, 2024. Mwezi Septemba mwaka huu Hermeto Pascoal, akiwa na miaka 89. Kwa Hermeto kamati iliona dakika moja ya kukaa kimya ingekuwa matusi kwa mtu aliyepuliza hata mabirika. Kwa hiyo tulipuliza birika la chai la chama. Sauti ilikuwa mbaya sana.

Kuhusu Mbrazili mwingine, Deodato, na ile kazi ya Strauss, mtunzi wa Kijerumani wa muziki wa okestra, aliyoitia fanki, iliyofika nafasi ya 2 Marekani mwaka 1973: najua wengi mnaipenda. Mimi dakika ya sita hunikuta nimeshachoka. Liandikwe kwenye kumbukumbu.

Kikao cha Agosti kilikuwa cha maneno zaidi ya sahani. Tulizungumza habari za gati la Valongo jijini Rio, ambako mamia ya maelfu ya Waafrika walishushwa utumwani. Wengi kutoka Angola na Kongo, na karne ya 19 pia kutoka Msumbiji, mwambao huu huu wetu ukiteremka kusini. Ngoma za jongo, mchezo wa asili ya Kiafrika, huko bado huitwa angoma. Kuika, ile ngoma inayolia kwa kusuguliwa kijiti kilichofungwa ndani ya ngozi, ina ndugu zake Angola. Kitinda mimba wanamwita caçula, neno la Kimbundu, lugha ya Angola. Na quitanda kwao ni genge la mboga na matunda, si pa kulala, jambo lililotuchelewesha kufunga kikao kwa nusu saa. Mjumbe wa dirishani alikuwepo siku hiyo. Alisema lugha hii mbona tunaielewa nusu.

Fedha. Mweka hazina atasoma hesabu, nami nitagusa mawili. Wanachama 14 wanadaiwa ada ya mwaka mzima, na baadhi yao ndio wa kwanza kufika chai ikiiva. La pili ni lile furushi la sahani sita tulizoagiza nje. Lilikaa wiki kadhaa juani mikononi mwa msafirishaji, na tulipolifungua sahani mbili zilikuwa zimejikunja kama chapati. Tumedai fidia, barua tatu, hatujajibiwa. Kamati imeamua mizigo ijayo ije na wanachama wanaosafiri, mkononi, si kwenye sanduku.

Sindano ya mashine imebadilishwa mwezi Oktoba. Mwakani tunapendekeza vikao vitatu vya Brazili badala ya vinne, na Machi kikao kimoja cha kuzipiga bega kwa bega na sahani za dansi za miaka ya sabini. Mjumbe wa dirishani ameombwa azichague yeye, na amekubali kwa masharti ambayo bado anayaandika.

Mwisho, aliyeazima Maria Fumaça baada ya kikao cha Novemba bila kusaini daftari airudishe. Hataulizwa kitu.