Soya isiondolewe kwenye orodha ya vyakula vya mzio

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasilishe hoja kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu mwaka 2019 limekabidhiwa jukumu la usalama wa chakula nchini. Hoja yangu inahusu vyakula vinavyoliwa badala ya nyama. Naomba soya ibaki katika orodha ya vyakula ambavyo mtengenezaji analazimika kuvitaja kwa sababu ya mzio, na naomba itajwe kwa Kiswahili, tena upande wa mbele wa pakiti.

Nasema ibaki kwa sababu kuna uwezekano wa kweli ikaondolewa. Orodha inayofuatwa na nchi nyingi imetokana na viwango vya kimataifa vya chakula vya Codex, na kwa muda mrefu soya ilikuwamo pamoja na karanga, maziwa, mayai, samaki, kamba, ngano na jamii ya korosho. Wataalamu walioitwa na FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, kuanzia mwaka 2020 kuipitia orodha hiyo walipendekeza soya isiwe tena ya lazima kwa dunia nzima, kwa kuwa madhara yake yameonekana kuwa madogo yakilinganishwa na ya karanga au maziwa. Sina ubishi na hesabu yao ya dunia. Lakini wataalamu hao hao waliacha mlango wazi kwa kila nchi kuamua kulingana na hali yake, na hali ya kwetu ni kwamba mtu anayetafuta mbadala wa nyama dukani au sokoni kwa kawaida huuziwa soya. Wanaila Wasabato wasiotumia nyama, Wahindu, Wakristo wakati wa Kwaresima, na siku hizi familia nyingi ambazo bei ya kilo ya nyama imezishinda.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawaelezwi ni kwamba vipande vikavu vya soya vinavyouzwa badala ya nyama si sawa na maharage ya soya ya kawaida. Hutengenezwa kwa unga unaobaki baada ya soya kukamuliwa mafuta, ambao husukumwa kwenye mashine kwa joto na shinikizo hadi ukapata nyuzi kama za nyama. Maharage makavu ya soya yana protini kiasi cha asilimia 36, ilhali vipande hufikia karibu asilimia 50, na protini ndiyo inayoamsha mzio. Mafuta ya soya yaliyosafishwa yana protini kidogo mno. Ndiyo maana mtu anaweza kuyapikia miaka mingi bila tatizo lolote, kisha akala sahani moja ya mchuzi wa vipande vya soya akavimba midomo na kubanwa kifua. Kuchemsha sana hakumsaidii, kwa kuwa baadhi ya protini zinazoleta mzio hustahimili moto wa jikoni.

Mwanangu ana mzio wa soya uliothibitishwa na daktari. Mimi nasoma Kiingereza, lakini jirani anayemwangalia nikiwa kazini hakisomi, na pakiti nyingi za vipande hivi zinazoagizwa kutoka nje zimeandikwa kwa Kiingereza peke yake, kwa herufi ndogo, upande wa nyuma. Jirani huyo ni mwangalifu kuliko watu wengi ninaowafahamu. Kinachomkwamisha ni maandishi.

Tujifunze kutokana na yaliyotokea kwa Quorn, chakula kingine kinacholiwa badala ya nyama. Protini yake, maikoprotini, hutokana na kuvu ya Fusarium venenatum, iliyogunduliwa katika udongo wa Marlow, Uingereza, mwaka 1967, na ambayo hukuzwa ndani ya matangi makubwa kwa kulishwa glukosi. Iliruhusiwa kuuzwa Uingereza mwaka 1985 na ikaingia Marekani mwaka 2002, ambako pakiti za mwanzo zilieleza kuwa asili yake ni uyoga, hadi wakulima wa uyoga wenyewe wakalalamika. Taasisi ya kutetea walaji iitwayo Center for Science in the Public Interest ilikusanya taarifa za watu waliotapika, walioharisha, waliotokwa na vipele au walioshindwa kupumua baada ya kukila, na uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 ulihesabu taarifa 1,752. Hizo ni taarifa za watu waliojitokeza wenyewe, kwa hiyo haziwezi kutuambia ni sehemu gani ya walaji wote iliyodhurika, na ni haki kusema kwamba wengi hukila bila shida. Hata hivyo, ilibidi kwanza iwepo kesi katika mahakama ya California ndipo, mwaka 2017, ikakubaliwa kuwa pakiti za Marekani ziseme wazi kwamba maikoprotini ni ukungu wa jamii ya kuvu na kwamba yametokea matukio machache ya mzio. Kwa miaka 15 mtu mwenye mzio wa ukungu hakuwa na njia rahisi ya kujua anachokula. Nyingi za bidhaa hizo, isipokuwa zile zisizo na kitu chochote cha mnyama, zimeshikanishwa kwa ute wa yai, nao ni hatari kwa mwenye mzio wa mayai.

Bidhaa mpya za njegere zinazouzwa badala ya nyama zinastahili uangalizi huohuo, kwa sababu njegere ziko katika jamii moja na karanga, na baadhi ya wenye mzio wa karanga hudhurika wanapokula protini ya njegere iliyokolezwa. Za ngano ni gluteni tupu, yaani protini ya ngano, na mgonjwa wa seliaki, ambaye utumbo wake hudhurika kwa gluteni, hapaswi kuzigusa.

Linabaki suala la chakula kisicho na pakiti. Mpishi anayeongeza soya kwenye nyama ya kusaga ya sambusa ili kupunguza gharama huenda hana nia mbaya, lakini mteja anayeuliza anaambiwa ni nyama, na hapo hata msomaji hodari wa pakiti hana kinga. Naiomba TBS, ikishirikiana na maofisa afya wa halmashauri wanaokagua migahawa, iwatake wauzaji hao waandike palipo na soya, karanga au ngano kwenye ubao uleule wanaoandikia bei.

Mzazi,
Temeke, Dar es Salaam