Kijana mwenye usonji huonewa saa ya mapumziko

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme na wakuu wa shule, wazazi, mapadri, wachungaji na masheikh kuhusu vijana wenye usonji (autism), hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na mahusiano na watu, wanaoonewa shuleni. Kila Aprili 2, siku ya usonji iliyotengwa na Umoja wa Mataifa kwa azimio la Desemba 2007, hotuba nzuri hutolewa. Aprili 3 kengele ya saa nne inalia, darasa zima linatoka nje, na kijana yuleyule anabanwa nyuma ya jengo na wenzake wanaomwita zezeta.

Uonevu huu una mahali pake na saa yake. Darasani mwalimu yupo, kila mtu ana dawati lake na kazi inajulikana. Hatari iko pasipo na utaratibu: mapumzikoni, foleni ya chakula, chooni, kituo cha daladala, na zile dakika chache kabla mwalimu hajaingia. Kijana mwenye usonji mara nyingi huyachukua maneno kama yalivyo, haisomi sura ya mtu upesi, na akipenda jambo, iwe mabasi au ligi ya mpira, hulieleza bila kuona kwamba msikilizaji amechoka. Wenzake wakimwambia, "Nenda kamwambie mwalimu ana kitambi," anakwenda. Fimbo anapigwa yeye. Waliomtuma wanacheka dirishani.

Mzazi akimuuliza, "Mbona hutaki shule?" kwa kawaida hapati jibu, kwa kuwa swali ni pana mno. Chora ramani ya shule kwenye karatasi: geti, madarasa, bomba, choo, uwanja, njia ya kurudi nyumbani. Mpe penseli mbili za rangi, apake kijani pale anapojisikia salama na nyekundu anapopaogopa. Kisha chukua sehemu moja nyekundu, uliza nani huwa pale, saa ngapi, na husema nini. Ukishauliza, nyamaza, uhesabu moyoni hadi kumi. Ukiharakisha kurudia swali kwa maneno mengine, anaanza kulifikiri upya. Andika kwenye daftari tarehe, saa, mahali, maneno yenyewe na nani alikuwepo, kisha mpelekee mwalimu wa malezi. Angalia pia mwili wake. Anayefika nyumbani kila siku akikimbilia choo huenda amebana mkojo tangu asubuhi kwa kuogopa choo cha shule.

Njia tunayoiamini ni kundi dogo la marafiki, wanafunzi wanne hadi sita wa darasa lake. Kwanza ipatikane ridhaa ya kijana na ya mzazi, na kijana mwenyewe aamue lipi lisemwe kumhusu na lipi lisisemwe. Hapa shule nyingi hukosea mapema: huchagua viranja na wanafunzi wapole wanaoongoza kwa maksi. Hao darasa linawaona ni watu wa mwalimu, na wakimzunguka wanamwongezea maadui. Awemo mmoja au wawili wanaosikilizwa uwanjani, na walau mmoja anayependa kile anachopenda yeye. Wakutane na mwalimu dakika 20 kila wiki, siku ileile na saa ileile, muhula mzima. Mambo ni matatu tu: wiki iliyopita lipi lilikwenda vizuri, wapi palikuwa pagumu, na wiki hii nani atakuwa naye wapi. Jibu liwe dogo na la kutendeka. Wawili wanakula naye Jumatatu na Jumatano, wawili wengine wanatembea naye hadi kituoni. Tunasema wawili kwa sababu mmoja huugua, huchoka, au huanza kutaniwa na yeye.

Kundi huvunjika mwalimu anapoacha vikao baada ya wiki ya tatu, akiona mambo yametulia. Huvunjika pia wanafunzi wanapogeuzwa wayaya. Rafiki hamjibii maswali wala hambebei mkoba. Tena wako marafiki wa uongo: anayemwomba nauli kila siku, anayemtuma kuiba chaki, anayemwambia, "Hii siri yetu." Kumwonya "awe makini na watu" hakumsaidii kitu. Mpe kanuni iliyo wazi, kwa mfano: mtu akikuomba hela mara mbili bila kurudisha, mwambie mwalimu wa malezi siku hiyohiyo.

Tunawasihi walimu wenzetu waache kumsimamisha mwonevu na mwonewa ofisini wapeane mikono. Mmoja hutamka "nimesamehe" kwa kuwa ameamriwa, mwingine hutoka akijua hakuna kilichobadilika. Kila mmoja aitwe peke yake. Na kijana akipiga kelele au akisukuma dawati, uliza kilichotokea dakika kumi kabla. Wachokozi hujua kumaliza kazi yao mwalimu akiwa bado mbali.

Sasa nyumba za ibada, ambako familia hizi hukimbilia na wakati mwingine huumizwa zaidi. Bado wapo wanaomwambia mama kwamba mtoto ana pepo au analipia dhambi ya ukoo. Katika Yohana 9 wanafunzi walimuuliza Yesu nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, naye akajibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Surat Al-Hujurat, aya ya 11, inakataza watu kudharauliana na kuitana majina ya kejeli. Kumwombea kijana ni jema. Kumshika kichwa kwa nguvu na kumpigia kelele sikioni ni kumtesa, maana wengi wao mguso wa ghafla na sauti kubwa huwaumiza kweli. Baadhi yao wana kifafa pia. Akiambiwa aache vidonge ghafla kwa kuwa ameshapona, anaweza kupata kifafa kisichokatika, na hicho huua. Kiongozi wa dini atamke mbele ya waumini kwamba maombi yaendelee na dawa ziendelee.

Msikitini asimame mwisho wa safu, upande wa ukutani, ili aguswe bega moja tu. Kanisani akae mbali na spika, karibu na mlango, na ajue mapema kwamba akizidiwa anaruhusiwa kutoka dakika tano na kurudi. Apewe kazi ya kweli yenye hatua zilezile kila wiki: kupanga misahafu, kugawa vitabu vya nyimbo, kuwasha feni. Ibn Umm Maktum, yule kipofu anayetajwa na wafasiri katika Surat Abasa, alikuwa mwadhini wa Mtume pamoja na Bilal. Aliyepooza katika Marko 2 alibebwa na watu wanne. Wanne wa kijana huyu wanaweza kutoka kwaya au madrasa, ikiwa kuna mtu mzima wa kuwaita.

Katekista au ustadhi aonane na mwalimu wa malezi kabla shule hazijafungwa, wapatane nani atamtembelea likizo na siku gani, kwani mwezi wa Desemba lile kundi la shule hutawanyika na kijana hubaki bila mtu.

Walimu wa malezi na elimu maalumu,
Tanga