Hamisi, ule ujumbe wa saa tisa usiku

Kaka Hamisi,

Habari za siku? Hapa Mbagala hatujambo. Mama anakusalimu, anauliza mbona Ijumaa huvuki tena kuja kula wali wake.

Ujumbe wako wa juzi nimeukuta asubuhi: "Uko macho?" Umeutuma saa tisa na dakika saba usiku. Nikarudi nyuma kuangalia mingine: saa nane na nusu, saa tisa kasorobo, saa kumi. Mwezi mzima! Nikikuuliza mchana unasema ulibonyeza kwa bahati mbaya. Wapi, Hamisi. Saa hizo nazijua.

Mwaka ule nilipofunga duka langu kule mtaa wa Gerezani sikukwambia yote. Usingizi ulikuwa unakuja vizuri saa nne, ikifika saa tisa macho makavu. Feni inazunguka, mbwa wa jirani anabweka, nasubiri adhana ya alfajiri utadhani nasubiri meli. Mchana nacheka na watu kama kawaida. Zahanati nilikwenda mara tatu: malaria hamna, basi itakuwa taifodi, meza vidonge. (Mjini hapa ugonjwa usipokuwa malaria ni taifodi, usipokuwa taifodi ni watu wa kwenu.) Hakuna aliyeniuliza nalalaje.

Aliyeniuliza ni daktari wa afya ya akili, tena lilikuwa swali lake la kwanza. Akanieleza kwamba kuna sonona, yaani ugonjwa wa huzuni na kukata tamaa, inayokuja na kuondoka, na kuna inayohamia kabisa. Ikikukalia miaka 2 na kuendelea, wao wanaihesabu kuwa sonona ya kudumu, ila mwenyewe unaona ndiyo tabia yako. Mimi nilidhani ni umri. Wengi wenye sonona usingizi wao umeharibika, na anayekosa usingizi muda mrefu naye yuko karibu zaidi na sonona. Hivi viwili vinalishana. Kuamka alfajiri mno na kushindwa kurudi kulala ni dalili inayojulikana kabisa.

Kilichonitisha ni hiki: kukosa usingizi na kuota jinamizi kila mara vinaongeza hatari ya mtu kujiua, hata ukiiweka sonona pembeni. Na hatari hiyo ni kubwa zaidi usiku wa manane, ukilinganisha na idadi ya watu walio macho saa hizo. Akili imechoka, wa kuongea naye hayupo. Deni la laki tatu saa tisa usiku ni mwisho wa dunia. Saa mbili asubuhi ni deni la laki tatu.

Sasa nakuuliza bila kuzunguka: unawaza kujiua?

Usiseme nakutia wazo kichwani. Kuulizwa hakumtii mtu wazo. Mimi niliwaza, na siku niliyoulizwa nilihisi nimetuliwa gunia la mkaa. Najua pia unaogopa sheria, maana kujaribu kujiua kwetu bado ni kosa. Lakini kuwaza si kosa, na kumwambia daktari si kesi.

Vile vidonge vya usingizi unavyonunua dukani mpe shemeji avifungie yeye, leo hii. Na bia za kukulaza, ziache: zinakulaza haraka, kisha zinakuamsha kabla ya wakati. Halafu shemeji anasema unakoroma mpaka pumzi inakatika. Hilo nalo mwambie daktari, usilifanye utani, huenda ni ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini, nao una tiba yake. Mimi nilipewa dawa, na masharti niliyoyadharau sana mwanzoni: kuamka saa ileile kila siku hata kama sikulala, kutoka kitandani usingizi ukigoma, kutolala mchana. Ilichukua wiki kadhaa, nikilalamika kila siku.

Jumatano saa moja asubuhi nitakuwa Magogoni, pale abiria wanaposhukia kwenye pantoni. Tunakwenda Muhimbili pamoja. Foleni tutaikaa wote, chai juu yangu.

Mawazo yakizidi kabla ya Jumatano, muamshe shemeji mwende hospitali ya karibu usiku huohuo, msisubiri kukuche. Na ukijikuta macho usiniandikie tena "uko macho". Piga. Mke wangu nimeshamwambia, simu naiacha na sauti.

Ni mimi,
Juma