Uchungu Ulikuwa Bado Njiani

Kisumu,
Jumapili jioni.

Mpendwa Wanjiru,

Hujambo? Na mama huko Njoro, mguu wake umepata nafuu? Sisi ni wazima, ila joto ni lile lile na mimi nachechemea. Ulivyonicheka kwenye simu! Lakini ni kweli: nilipojikwaa pale Kibuye na ndizi kichwani, nilijua kabisa nimegonga jiwe, nikapata hata nafasi ya kuwaza "sasa nitaumia", ndipo uchungu ukafika. Ukaniuliza uchungu huo ulikuwa wapi muda huo wote. Nimefungua daftari la fiziolojia nikujibu.

Ulikuwa njiani. Habari za mguso husafiri kwenye nyuzi nene za neva zilizovikwa mailini, yaani tabaka la mafuta, mita 50 hivi kwa sekunde. Uchungu ule mzito unaounguza hupita kwenye nyuzi nyembamba zilizo uchi, ambazo hazizidi mita 2 kwa sekunde. Mguu wangu unaujua urefu wake, piga hesabu.

Kumbuka paipu ya mjomba ya kumwagilia sukuma, ile iliyotoboka. Maji yaliishia njiani. Uzi mwembamba uko hivyo hivyo: umeme unavuja kwenye utando wake, basi lazima uwashwe upya kila hatua. Mailini ni kama kuziba yale matundu. Huacha tu mapengo madogo, yaitwayo vifundo vya Ranvier, na ishara hurukia kutoka kimoja hadi kingine.

Kuwashwa kwenyewe ndiko kunakonifurahisha. Seli ya neva ikitulia, ndani yake ni kama milivolti -70 ukilinganisha na nje, potasiamu imejaa ndani na sodiamu nje. Ichokoze kidogo, inatulia tena. Ifikishe karibu -55, milango ya sodiamu inafunguka kwa pamoja, sodiamu inamiminika ndani, na kwa takriban milisekunde moja mambo yamekwisha. Hakuna kuwaka nusu.

Wanasayansi Hodgkin na Huxley waliyaeleza haya kwa hesabu mwaka 1952, wakitumia uzi wa neva wa ngisi ambao unene wake hukaribia milimita nzima. Ngisi hana mailini, na akitishwa lazima akimbie, kwa hiyo dawa yake ikawa kunenepesha uzi. Sisi tungefanya hivyo, uti wa mgongo ungekuwa mnene kama gogo!

Basi, ukija mwisho wa mwezi niletee vile viatu vya kufunika vidole nilivyosahau kwako. Na kabeji mbili.

Wako,
Atieno